Marashi Yaliyonitubisha Kanisani

Mimi ni karani wa reli hapa Nakuru, na kujipenda najipenda. Jumapili iliyopita nilijipulizia shingoni na kifuani marashi niliyoachiwa na memsabu, mke wa mkuu wa stesheni, aliporudi kwao Uingereza, nikaingia kanisani nikinukia kama harusi. Mke wangu Rispa alikuwa amenionya kwamba hayo marashi ndiyo hunivimbisha macho. Nikamwambia ni vumbi la Nakuru, yeye anajua nini?

Kabla ya wimbo wa pili macho yakaanza kuniwasha, machozi yakatiririka. Ndugu waliookoka wakanizunguka.

"Roho amemgusa! Ungama, ndugu!"

Karani mzima ningelia bure mbele za watu? Nikaungama kunywa pombe ya busaa. Nikaona haitoshi, nikataja na nyumba tunayoinywea: kwa mzee wa kanisa, yuleyule aliyekuwa amenishika bega.

Rispa akaja na kitambaa chenye maji, akanisugua uso na shingo.

"Huyu hajaguswa na Roho. Ni marashi. Si nilimwambia?"

Haukupita muda, machozi yangu yakakauka. Aliyebaki akilia ni mzee wa kanisa, na yeye hakuwa amejipulizia kitu.