Vitambaa Vyekundu vya Mama

Harufu ya kivumbasi kibichi naipenda. Harufu ya kivumbasi kinachoungua siivumilii mpaka leo. Majirani zangu hapa Kikula, mjini Likasi, jua likishazama na makaa yakianza kufifia kwenye mbabula, lile jiko la bati, hutupia juu yake matawi mawili matatu ili moshi ufukuze mbu, halafu wanaketi nje kupiga soga kwa raha zao. Mimi naingia ndani na kufunga mlango. Wananiona nina maringo, na waendelee kuniona hivyo, kwa sababu sijisikii kumweleza kila mtu. Moshi ule kwangu una jina la mtu. Mtu mwenyewe ni shangazi yangu Klementina, dada mkubwa wa baba, ambaye sijamsamehe na wala sijaribu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, na nyuma yake, kati ya jiko na bafu la mabati, mama alikuwa na bustani ndogo ambayo mgeni angeweza kuikanyaga bila kujua. Mchaichai aliupanda pale maji ya bafu yalipotokea, kwa kuwa unapenda maji na hauchagui. Kando ya ua palikuwa na mti wa majani machungu, ule tunaouita kongobololo, ambao sisi watoto tuliukimbia kama fimbo. Katikati palikuwa na kivumbasi, wengine wanasema lumbalumba, kirefu kunipita mimi, chenye majani yanayoacha harufu mkononi kutwa nzima. Udongo wa kwetu ni mwekundu na mgumu, lakini mama aliulainisha kwa majivu na maganda ya mihogo, na miezi yote ya kiangazi, mvua ikiwa imetutupa, aliunywesha maji aliyooshea mboga. Sikumbuki kumwona akimwaga maji bure.

Yale majani tuliyatumia kwa kila kitu. Kivumbasi kiliingia kwenye mchuzi wa samaki wakavu, na bukari, ugali wetu wa jioni, bila harufu ile niliiona si chakula. Nikipata mafua, mama aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, akanifunika blanketi juu ya mvuke, akanishika shingo nisitoroke, na nililia humo ndani jasho na makamasi vikinitoka pamoja. Baba alikuwa mpakizi wa magunia ya madini kwenye ghala tunaloliita dipo. Alirudi na baiskeli yake amepakaa vumbi mpaka kwenye kope, akikohoa. Akishaoga, mama alimletea kikombe cha mchaichai cha moto, akaketi karibu naye mpaka kikaisha. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Kile kikombe ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na mimi nilizoea kulala nikisikia kijiko kinagonga ndani yake.

Mama alikuwa na sheria zake, na wanawake wa avenyu yetu walizijua. Anayetaka majani anakuja mwenyewe, hatumi mtoto. Anasema kwa mdomo wake anayataka ya nini. Akishapewa haagi kwa asante, kwa kuwa dawa ikishukuriwa inasusa. Sheria nyingine ilikuwa ya mwisho wa kiangazi: matawi ya kivumbasi yaliyobeba mbegu hayakatwi, yanaachwa yakauke yakiwa yamesimama, na ili sisi watoto tusiyaguse aliyafunga vipande vya kitenge chake cha zamani, chekundu. Ukiona chekundu, mkono unarudi nyuma. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuona ajabu, mpaka alipokuja shangazi.

Alikuja kutoka Kambove baada ya kufiwa na mumewe, na masanduku yake na godoro lake, akasema atakaa kidogo. Alichukua chumba chetu sisi watoto, chenye mlango wake wa nje, tukahamia sebuleni. Hilo nisingelihesabu, alikuwa mjane. Lakini tangu siku ya kwanza hakumwita mama kwa jina, wala Mama Kapinga kama watu wote walivyomwita kwa ajili yangu. Alimwita Mukasai. Mama alizaliwa hapahapa Likasi. Ni babu yake aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na mama mwenyewe huko Kasai hajawahi kufika. Haikusaidia kitu. "Ule Mukasai alitia chumvi mingi." "Ule Mukasai anachelewa soko." Alisema hivyo mbele yangu, mimi niliyezaliwa na huyo Mukasai, halafu akanituma maji ya kuoga. Chai ya mama hakuinywa. Alijichemshia yake, akaifunika, na kikombe chake alilala nacho chumbani. Baba alilelewa na dada yake huyu baada ya mama yao kufa, kwa hiyo kila aliposema neno, baba aliinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kupigwa.

Siku aliyoviona vile vitambaa nilikuwepo. Alikuwa anatoka bafuni, akasimama, akaviangalia vikipepea kwenye matawi makavu. Hakuuliza. Mtu mwenye nia njema angeuliza. Aliingia ndani akamtoa baba kwenye kiti chake.

"Kasongo, kuya uone namna bibi yako alikufunga. Angalia. Kila fundo ni siku moya ya akili yako."

Mama alitoka jikoni akiwa bado na mwiko. "Yaya, ile ni ya mbegu," alisema, akimwita dada mkubwa kama ilivyo heshima kwetu. "Nilitia alama, batoto basikate."

"Mbegu inavalaka nguo?" Shangazi hakumtazama hata kidogo, alimtazama baba. "Minye siwezi kulala na fetishi nyuma ya dirisha. Chagula. Majani itoke, ao ye atoke, arudi kwa kaka zake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye avenyu yetu kulikuwa na msichana niliyesoma naye, ambaye mama yake alirudishwa kwao hivihivi, kwa maneno ya mawifi. Nilimwona alivyokuwa baadaye: nywele hazijasukwa, anajifulia sare mwenyewe, anadanganya kwamba mama amesafiri. Nilimwangalia baba nikisubiri aseme. Alivijua vile vitambaa. Alikuwa ameviona kila mwaka tangu amwoe mama, na mwaka mmoja alisaidia kuvifunga. Alikohoa, akafuta mdomo, akasema kwamba kama ni majani tu, basi yatolewe, amani irudi nyumbani. Mama alirudi jikoni na mwiko wake.

Walikuja Jumamosi, mchana. Mchungaji wa kanisa la shangazi, mwanamume mwembamba mwenye koti zito kwenye joto lile, na wanawake wa maombi nyuma yake wakiimba na kupiga makofi. Majirani walijaa kwenye ua kuangalia. Jembe la kung'olea alilitoa baba. Hakuna aliyemwomba, aliingia mwenyewe akalileta, na hilo nalikumbuka vizuri kuliko moto. Walianza na matawi yenye vitambaa, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyaogopa. Hawakutaka kuyabeba kwa mikono, basi wakayafunga kwa kamba na kuyaburuta chini, wakaizunguka nayo nyumba yote wakikemea, wakapita mlangoni, wakasimama muda mrefu mbele ya chumba cha shangazi wakiyatingisha na kuyapiga chini, ndipo wakayarudisha uani kuyachoma. Mchaichai waliung'oa pia. Kongobololo waliukata. Muda wote huo mama alikuwa anatwanga sombe. Alitwanga bila kupumzika, na kinu chake kilisikika katikati ya nyimbo zao mpaka mmoja wa wale wanawake akamwomba asimamishe kidogo. Aliendelea. Yale majani ya mihogo yaligeuka uji, hayakufaa tena kupikwa, naye akazidi kutwanga.

Moshi ulikuwa mwingi. Kivumbasi cha shina zima, kikavu na kibichi pamoja, hakiishi upesi. Ulitanda kwenye avenyu nzima, ukaingia kwenye mapazia, kwenye magodoro, kwenye nywele. Na kwa kuwa ni kivumbasi, mbu walikimbia. Usiku ule na uliofuata hakuna mtu aliyejipiga kofi, na mtoto mchanga wa jirani, aliyekuwa analia kila siku, alilala. Jumapili shangazi alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Tulikuwepo, alitulazimisha twende. "Bwana Yesu asifiwe," alisema. "Tangu moto iliwaka kwetu, hata mbu moya sikusikia. Pepo zote zilitoka." Kanisa zima lilipiga makofi. Nilimwangalia mama, nikidhani atacheka au atasimama aseme. Alikuwa anatazama mikono yake tu, na malengelenge yaliyotokana na mchi.

Moshi ulipoisha kwenye mapazia, mbu wakarudi, tena kwa njaa. Mtu mwingine angejumlisha mwenyewe. Shangazi alijumlisha vingine: kama mbu wametoka kwa maombi, basi wamerudi kwa mtu. Akaanza kumwambia baba kila jioni kwamba mizizi ya uchawi haiko kwenye majani, iko kwa aliyeyapanda. Mchungaji angerudi, na safari hii hangekuja kwa ajili ya bustani. Mama alianza kukunja nguo zake na kuziweka pembeni, zikiwa safi, tayari. Hakunificha. Nilizikunjua usiku, asubuhi nikazikuta zimekunjwa tena.

Mvua za kwanza zilinyesha kabla mchungaji hajarudi. Kwa siku kadhaa hatukuona kitu, matope tu. Halafu asubuhi moja niliona vijani vidogo vimechipua kwenye bustani iliyong'olewa, na havikuishia hapo. Vilitoka bustanini vikafuata njia, vikapita kwenye kona ya jiko, vikazunguka nyumba, vikavuka mbele ya mlango, na mbele ya chumba cha shangazi vilijaa kama zulia. Shangazi alipofungua mlango alipiga yowe lililoita watu. Akasema mnaona, mnaona, usiku huu amemwaga kitu, amenizungushia. Majirani walianza kurudi nyuma. Mmoja alimvuta mtoto wake. Mama alisimama jikoni, na nikajua kwamba nguo zile zilizokunjwa zinaondoka leo.

Baba alikuwa ameshashika baiskeli aende kazini. Aliiegemeza ukutani. Akachuchumaa, akang'oa chipukizi kimoja, akakisugua kwenye vidole, akanusa. Alianzia bustanini, akatembea taratibu akifuata ule mstari wa kijani, kichwa chini, kuizunguka nyumba yote, mpaka akafika kwenye miguu ya dada yake. Kuna kitambaa kimoja chekundu kilikuwa kimebaki kwenye matope hapo. Alikiokota. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya, kilichochanganyika na kikohozi.

"Yaya," alisema, "weye njo ulipanda."

Watu walichukua muda kuelewa kwamba aliyezimwaga mbegu zile ni yeye mwenyewe na maombi yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameimba na kuburuta siku ile alielewa kwanza, akajifunika mdomo kwa kitenge, akaondoka. Halafu avenyu nzima ikacheka. Shangazi alisubiri mdogo wake aombe radhi, lakini yeye alikuwa ameinama anacheka na kukohoa, hawezi kusimama wima. Wiki hiyohiyo masanduku na godoro vilirudi Kambove. Mchungaji hakuja tena kwetu, na alipokutana na mama sokoni alivuka upande wa pili.

Watu wakisikia mpaka hapo wanafurahi, wanadhani ndiyo mwisho mzuri. Mama alibaki, ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo. Bustani ilirudi kubwa kuliko zamani, maana mchaichai walioutupa kwenye mtaro ulishika huko na kuota mbele ya nyumba za watu. Lakini mama hakumpikia baba kile kikombe tena. Alimpikia chakula, alimfulia, alimuuguza kifua kilipomzidi, alimzika na kumlilia. Mchaichai baba alijichemshia mwenyewe, maisha yake yote. Jioni alitoka bafuni, akakata majani, akawasha mbabula, akaketi peke yake, na mama alikuwa na kazi nyingine. Baba hakuwahi kulalamika. Nadhani alijua ni lile jembe.

Sasa nina nyumba yangu, na mama naye hayupo. Kivumbasi nakipanda kwenye ndoo za rangi, kwa sababu siku hizi kuna majirani wanaooshea mawe ya madini uani, na udongo uliokunywa maji yale siuamini hata kwa maua. Mama alipanda popote alipotaka. Mimi naagiza udongo kutoka nje ya mji, upande wa Mulungwishi. Madukani wanauza mchaichai umefungwa kwenye pakiti zenye picha ya mlima, na waliotuimbia siku ile wanaununua bila kukemea chochote.

Shangazi amezeeka, anaishi kwa mwanawe, mitaa michache kutoka kwangu. Mwezi uliopita alinipigia simu, sauti laini, akaomba nimtumie lumbalumba. Nilimwambia kwetu majani hayatumwi, mwenye shida anakuja mwenyewe. Nilidhani hatakuja. Alikuja, kwa mguu, akasimama kwenye geti akihema, nami sikumpa kiti.

"Unataka ya nini?" nilimuuliza.

Aliangalia ndoo zangu, akaangalia chini. "Ya kuchoma. Mbu iko mingi."

"Kuchoma unajuaka, Shangazi."

Nilichukua kisu, nikapita kwenye majani mabichi bila kuyagusa, nikamkatia matawi makavu yaliyobeba mbegu, yale ninayoyafunga vitambaa kama mama, ili mkono urudi nyuma. Sikumfungulia kitambaa chekundu hata kimoja. Nilimwekea mikononi, yapukutike njia nzima, yaote mlangoni kwake, asiwe na sababu ya kurudi kwangu. Alivitazama vile vitambaa, halafu akafungua mdomo kusema asante. Nikamkatiza. Nilimwambia dawa ya mama yangu haishukuriwi, nikafunga geti.