Mama Anajifunza Kiholanzi

Miaka yote aliyokaa Buffalo, Mama alikataa kujifunza Kiingereza, akidai kichwa chake kimeshajaa. Kwa hiyo alipotutangazia kwamba anaanza Kiholanzi, nilidhani baridi ya huko imemvuruga akili.

Sababu ilikuwa mjukuu wake. Sisi tulipoletwa Marekani kama wakimbizi, dada yetu mkubwa alipelekwa Uholanzi, na binti yake wa miaka minane anajua Kiholanzi tu. Neno lake pekee la kwetu ni koko, yaani bibi. Dada ndiye mkalimani, tena mvivu: Mama anaongea dakika mbili nzima, yeye anageuza kwa maneno matatu. Sasa mtoto alikuwa karibu kufanyiwa upasuaji wa koo, anaogopa, na Mama alitaka kumtia moyo kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mimi nasema maneno mingi, we unapeleka kidogo," alimgombeza dada. "Ingine unaitupa wapi?"

Mwalimu nikawa mimi, niliyekuwa nimejifunza jana yake kwenye programu ya simu, ndani ya basi la barabara ya Morse Road, mjini kwangu, nikienda kazini. Nilimpigia Mama simu, nikamweleza kwamba Waholanzi hushona maneno mawili yakawa moja, na lile kubwa hulitia nyuma. Sisi twasema nyumba ya wagonjwa. Wao huanza na wagonjwa, ndipo nyumba: ziekenhuis, hospitali. Handschoen, kiatu cha mkono, ni glavu. Hiyo Mama aliipenda mno, akasema watu hao wana akili.

Taabu ilikuwa mkazo. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi Mama akawa anasema zie-KEN-huis, na mimi mwalimu namsifu. Aliyetuokoa ni kaka yetu wa Louisville, mpiga ngoma wa kwaya.

"Donc, ni ngoma hiyo," alisema, na ile "basi" yake ya Kifaransa. "ZIE-ken-huis. Piga kubwa mbele, ndogo nyuma."

Tukapiga meza, kila mtu mjini kwake na simu wazi, mpaka jirani wa Mama wa ghorofa ya chini akagonga dari.

Jumapili tulipiga simu ya pamoja. Mama akaanza, akigonga meza: "KLEIN-doch-ter." Mjukuu wa kike. Mtoto akacheka. "ZIE-ken-huis. Niet bang." Hospitali, usiogope. Kisha akakwama. Sentensi ya mwisho, kwamba Mungu yuko hata huko, ilikuwa imemtoka kabisa.

Nilimwonea Mama huruma. Kwa kawaida mtoto yule hukimbilia michezo yake kabla salamu hazijaisha. Dada akadakia kutafsiri kama alivyozoea, mtoto akasema jambo haraka haraka, na dada akaiacha tafsiri yake katikati.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Ananiambia ninyamaze," dada akajibu. "Anasema anamusikia koko yake."