Foni, Toki na Misheni Mbili

Kwa miaka mingi kazi yangu pale Kabambare ilikuwa kukaa mbele ya foni. Foni ni redio ile kubwa ya kuongea mbali, yenye waya uliofungwa kati ya miti miwili na batri ya gari chini ya meza. Ilikuwa katika ofisi ya afya, ubavuni mwa hospitali, na kila asubuhi vituo vya vijijini viliniita kimoja baada ya kingine: hapa kuna surua, hapa dawa zimekwisha, hapa kuna mama anatakiwa kuletwa haraka. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kasongo, mtoto wa wakulima, na kazi hii niliipata kwa sababu ya sikio langu tu. Foni ilivuma kama mvua juu ya bati, na wengine walisikia mvumo tu. Mimi nilisikia maneno.

Nikajiona najua yote kuhusu kuita na kuitwa, mpaka wamotari waliponunua toki.

Habari hiyo niliipata dukani. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja sokoni aliyetuletea batri za ofisi. Siku hiyo nilimkuta ameondoa batri kubwa mbele, na mahali pake amepanga redio ndogo za mkononi, nyeusi, zenye antena fupi kama kidole.

"Batri zako sitaagiza tena, mama," aliniambia. "Mutu wa kuzinunua iko wewe peke yako. Hizi toki zinaondoka kwenda migodi ya Salamabila hata katoni sijafungua vizuri."

"Wanazifanyia nini?"

"Wamotari ndio wananunua. Nenda uwaulize."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Wamotari, waendesha pikipiki za kubeba watu na mizigo, walikuwa na maegesho yao nyuma ya soko, chini ya turubai. Mkuu wao alikuwa mtu mwembamba aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na bado aliongea kama mwenye chaki mkononi. Alinipa kiti, akanieleza. Simu ilikuwepo Kabambare, ndiyo, lakini mnara wake ulizimika kila mafuta ya jenereta yalipokwisha, na ukishatoka mjini kuelekea Lusangi rezo, yaani mtandao wa simu, inakufa kabisa. Daraja likivunjika, dereva wa kwanza kulikuta hakuwa na njia ya kuwaonya wenzake. Sasa anasema kwenye toki, na wa nyuma wanasikia.

"Lakini redio hii ndogo haiwezi kuvuka mlima," nilisema.

"Haivuki. Ndiyo sababu tuko na mama juu ya mlima."

Nilidhani ananitania. Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki kwenda kumwona. Alikuwa mjane wa umri wangu, ameketi kileleni pale barabara inapoanza kushuka, na mbele yake chupa za mafuta ya pikipiki zimepangwa juu ya ubao. Toki yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kitenge. Kutoka pale alisikia pande zote mbili, na kila alichosikia upande mmoja alikisema upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha. Wamotari walimpa toki kwa sababu alikuwa pale kutwa, naye akakubali kwa sababu walinunua mafuta kwake.

"Na ukichoka kusema?" nilimuuliza.

"Nachoka kuuza, dada yangu. Kusema sijachoka bado."

Tulicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka yote nikidhani niko peke yangu, kumbe nusu saa tu kutoka ofisini kulikuwa na mwanamke mwingine anayefanya kazi yangu. Nikamwomba mkuu wa wamotari atuazime toki moja, ikae mezani pangu karibu na foni. Msimamizi wangu alikunja uso, lakini hakukataa.

Haikupita muda tukaihitaji. Ilikuwa asubuhi, kama saa nne, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Foni iliita kutoka kituo kimoja ng'ambo ya mto. Aliyeongea alikuwa muuguzi wa kike ninayeijua sauti yake vizuri. Kwa kawaida alikuwa mtu wa mizaha. Siku hiyo hakutania. Alikuwa na mama mjamzito, uzazi wa kwanza, uchungu tangu jana, mtoto hashuki. Alihitaji kupasuliwa, na mpasuaji alikuwa kwetu. Daraja la barabara kuu lilikuwa limekwenda na maji.

"Wanaume wamekwisha kumbeba kwa kipoyi," alisema, maana yake machela ile ya miti na blanketi. "Tunavuka pa misheni, maji pale iko chini. Nami nakwenda naye. Tutumie pikipiki ng'ambo yenu."

"Pa misheni. Nimesikia."

Nikashika toki, nikamwambia mama wa mlimani: pikipiki moja ya nguvu, pa misheni, sasa hivi. Nilimsikia akirudia maneno yangu upande wa pili, neno kwa neno. Dereva mmoja akajibu kwamba yuko karibu, anakwenda. Nikamwarifu daktari, chumba cha upasuaji kikaandaliwa. Nilijisikia vizuri. Nakumbuka hata nilikunywa chai.

Saa tano na nusu sauti ya mama wa mlimani ikatoka kwenye toki. "Dereva anasema yuko misheni, hakuna mutu."

"Aendelee kungoja. Wanakuja polepole."

Baada ya muda akarudi tena. Dereva anasema bado hakuna mutu, na maji pale iko juu sana, hata mwenye kipoyi hawezi kupita. Muuguzi alikuwa amesema maji yako chini. Niliita kituo kwenye foni, na hakuna aliyejibu, kwa kuwa muuguzi alikuwa njiani na mgonjwa wake.

"Muulize anaona nini," nilisema. "Asiseme jina. Aseme anachoona."

Jibu lilikuja kipande kipande: msingi wa nyumba ya matofali, ukuta mmoja, michikichi mingi. Mlinzi wa hospitali, mzee aliyekulia upande ule, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akatikisa kichwa.

"Ile ni misheni ya zamani, ya mapadri. Wamotari ndiyo wanaijua. Watu wa ng'ambo wakisema misheni, wanasema kanisa la waprotestanti, kule chini. Ni mahali pengine kabisa."

Nilirusha maneno yale mlimani haraka kuliko nilivyowahi kusema kitu chochote. Dereva akageuza. Aliwakuta kwenye kivuko cha chini, wamekaa juu ya mawe, mama yule amelazwa chini ya mwavuli, na mama mkwe wake anampangusa uso. Walikuwa wamengoja zaidi ya saa nzima.

Mgonjwa alifika hospitali juu ya pikipiki, kati ya dereva na muuguzi, amefungwa kwa kitenge asianguke. Daktari alimpasua mchana ule. Mtoto alitoka kimya, wakamshughulikia muda ambao mimi niliuona mrefu sana nikiwa nje ukumbini, kisha akalia, sauti nyembamba kama ya paka. Alikuwa msichana. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalala wodini siku kumi na nne, lakini alipona.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja ofisini. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu kutoka vijiji vya Lusangi, amejitanda ushungi mweupe, mpole. Alinisalimia, akauliza hali ya nyumba yangu, kisha akaketi.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja, mwanangu. Nani alituchelewesha pale majini?"

Ningeweza kusema mvua. Ningeweza kusema toki, au jina la mahali. "Ni mimi, mama," nilisema. "Niliambiwa misheni, nikasema misheni. Sikuuliza ni ipi."

"Tulikuwa tunaangalia barabara ile," alisema. "Kila mara nilisikia pikipiki, na pikipiki haiko." Kisha akasimama, akanishika mkono, akarudi wodini. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba aseme. Lakini kila alipopita kwenda kuchota maji ya mgonjwa wake alisimama dirishani akanisalimia.

Tangu hapo swali moja halikuniacha: ni mahali pangapi pengine penye majina mawili, au jina moja lenye mahali pawili? Nilinunua daftari. Jioni baada ya kazi nilikaa kwa wamotari, na asubuhi niliviuliza vituo kwenye foni. Mama wa mlimani aliniletea majina ya mahali aliyoyajua mwenyewe, kila aliposhuka sokoni. Tulikuta vilima vitatu, vyote vinaitwa Kilima cha Mnara. Tulikuta kijito ambacho wachimba dhahabu wanakiita kwa jina la mwanamke aliyewahi kuuza chakula pale, na wenyeji hawajawahi kulisikia jina hilo. Wazee walibishana. Mkuu wa wamotari alichora ramani, akaifuta, akaichora tena.

Mambo yaliendelea kubadilika. Yule mfanyabiashara wa sokoni aliacha toki, akafunga juu ya duka lake sahani ndogo nyeupe inayoleta intaneti kutoka angani, na vijana wakajaa ukutani kwake na simu zao. Mwaka uliofuata akaja wakala wa shirika moja kutoka mji mkubwa, kijana mwenye viatu safi, kutuonyesha mfumo wa kutuma pikipiki na magari ya wagonjwa kwa kutumia tableti. Ulikuwa mzuri kwelikweli. Nukta ya buluu ilitembea juu ya ramani, na hiyo ilikuwa pikipiki.

"Nikiandika misheni, itakwenda wapi?" nilimuuliza.

Akaandika. Ramani ikampeleka mji mwingine, mbali sana na sisi. Kijana hakukasirika. Alivuta kiti, akaomba kuona daftari langu, akasoma kurasa zote, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Kesho yake alitaka kwenda mwenyewe akaweke alama kwenye kila kivuko, na akasema ni vizuri niende naye.

Tukaondoka na pikipiki mbili. Kwenye kivuko cha chini alishuka, akapandisha suruali, akaingia majini ameinua tableti juu ya kichwa. Mimi nilibaki ukingoni nikitazama. Nilikuwa nimewaelekeza watu mahali pale kwa mdomo wangu mara nyingi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kupaona. Nilidhani mto ni mpana. Ulikuwa mwembamba, wenye mchanga mweupe, na ng'ambo wanawake wawili walikuwa wanalowesha mihogo. Nilivua viatu, nikaingia. Maji yalinifika magotini, baridi, na mmoja wa wale wanawake akaniuliza ninatafuta nini.

"Ninapaangalia tu," nilimjibu.