Nikatie Penye Mhuri

Jumamosi, kwenye bucha moja huku Chamazi, mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alilinyooshea kidole paja la ng'ombe lililoning'inia.

"Nikatie hapo penye mhuri."

Muuzaji akatabasamu. "Mama, mkaguzi akigonga mhuri kapitisha ng'ombe mzima. Kote sawa tu."

"Huyo mzima mie sijamuona. Redioni wanasema kimeta kinatoka kwa ng'ombe kinaingia kwa mtu. Nikatie penye mhuri."

Muuzaji akashusha kisu, akatutazama sisi tuliobaki. "Nikikupa wewe mhuri wote, hawa nitawauzia nini?"

Mama akafikiri kidogo, akainamisha kichwa pembeni kama anayepima kitambaa.

"Basi nikatie nusu mhuri."

Akakatiwa. Mimi niliyefuata maini nikajikuta naulizia ile nusu iliyobaki, yenye wino wa zambarau.

"Hiyo siuzi, braza," muuzaji akasema huku akifuta kisu. "Kesho nikileta nyama nyingine, wateja nao watataka kuona mhuri."

Siku hizi nikiingia bucha siulizi kama mhuri upo. Nauliza uligongwa lini.