Muuzaji alinipa siku mbili ninunue nyumba ya baba yake, Kindu

Wakuu, salama humu ndani.

Juzi kuna mdau kaleta uzi kwamba mwenye nyumba anamwambia alipe kabla ya Ijumaa, la sivyo anamuuzia mwingine. Nimesoma ushauri wenu wote. Wengi mmemwambia huyo anamtisha tu, hakuna mnunuzi mwingine.

Hapo ndipo nikaona niandike. Mimi niliwahi kuamini hivyo hivyo, na nilikosea.

Sitatia chumvi. Kilichotokea kinatosha chenyewe.

Ni enzi za Zaire, miaka ya themanini, mji wa Kindu. Nilikuwa karani wa mizigo kwenye kituo cha reli. Wazazi wangu walitoka Kasai, lakini watoto wangu wote wamezaliwa Kindu na Kiswahili ndicho walichokua nacho.

Tuliishi kambi ya reli. Siku moja nikapewa barua: nyumba inatakiwa na fundi mwenye cheo kunizidi, nihame mwisho wa mwezi. Enzi zile barua yenye muhuri hukuijadili. Uliikunja, ukaiweka mfukoni, ukaanza kutafuta.

Nikaambiwa kuna nyumba inauzwa mtaa wa Mikelenge. Matofali ya kuchoma, vyumba vinne, baraza mbele, kisima nyuma. Mwenye kuuza aliitwa Amisi, mtu wa ukoo wa Waislamu wa zamani pale mjini. Mpole, msafi, abakosi yake, ile suti ya Kizaire isiyovaliwa na tai, imepigwa pasi. Tulielewana bei siku ile ile.

Mke wangu, Mama Ngalula, aliingia jikoni, akagusa ukuta, akatoka akitabasamu. Nilijua ameshahamia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tisa za mchana.

Tukiwa bado barazani Amisi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa Ngalula, mimi sitaki kukuficha. Iko muntu wa Kama, anakuya na pesa yote. Jumamosi saa sita njo mwisho."

Nikamwuliza kwa nini Jumamosi. Akasema huyo mtu ni mnunuzi wa dhahabu kutoka mji wa Kama, hawezi kukaa mjini siku nyingi. Kisha akaongeza kwamba amesikia reli wananitoa mwisho wa mwezi, kwa hiyo ananionea huruma kunipa nafasi ya kwanza.

Wakuu, hapo nilishtuka kidogo. Sikuwa nimemwambia habari ya barua.

Nilipotoka nilisimama kwa jirani, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakausha mihogo kwenye mkeka. Sikumpeleleza. Nilimsalimia, nikasema huenda tukawa majirani. Akanikaribisha, akasema nyumba ile ilijengwa na marehemu baba yao, fundi hodari, na ameacha watoto wawili, Amisi na Fatuma.

Wawili. Amisi alikuwa amesema "nyumba yangu".

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya zone, ambako karatasi za viwanja zilikuwa zinatunzwa. Karani mwenye funguo za kabati yuko msibani, atarudi Jumatatu. Jumamosi ofisi zote zinafungwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mji.

Kwa hiyo siku mbili nilizopewa hazikuwa siku mbili. Hakukuwa na saa hata moja ambayo ningeweza kuona karatasi kabla ya kutoa pesa. Sijui kama Amisi alilipanga hilo au lilitokea tu.

Jioni nikamrudia. Nikamwuliza habari ya dada yake. Akasema yuko Ubundu, ameolewa, hana neno. Nikasema basi tupate neno lake kwa maandishi, au tungoje bato, yaani meli ya mto, imlete mwenyewe. Akasema bato haina siku maalumu, na mtu wa Kama hangoji bato.

Nikamwambia, "Papa Amisi, sikatai kununua. Nakataa kununua leo. Jumatatu tuende zone sisi wawili. Dada akisema ndiyo, siku hiyo hiyo nalipa yote."

"Jumatatu utakuta nimeshauza."

"Basi utakuwa umeuza."

Nikiandika hapa inaonekana nilikuwa jasiri. Sikuwa hivyo. Nilikuwa na watoto watano na siku kumi na moja za kukaa kambini.

Nyumbani Mama Ngalula alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ule hana muntu yoyote. Anakuogopesha." Nikasema hata mimi naona hivyo. Tukalala na imani kwamba Jumatatu tutamkuta amelegea.

Jumamosi, baada ya salongo, nilipita Mikelenge na jembe begani. Mbele ya nyumba kuna lori limesimama. Barazani yupo bwana mnene kidogo, shati la mikono mifupi, anapima mlango kwa kamba. Akanisalimia vizuri, akajitaja kuwa Kikuni, wa Kama. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa mtaa na kama maji ya kisima ni mazuri.

Amisi alikuwa nyuma yake, ananiangalia.

Hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema: kuna dada yuko Ubundu, mwulize kwanza. Sikuisema. Niliona wazi kwamba huyu ni mtu wa kukodiwa, amevishwa shati na kupewa kamba ili mimi nikimbie kuleta pesa. Hata nikajisifu moyoni kwamba nimeutambua mchezo.

Nikamjibu maji ni mazuri. Nikaenda zangu.

Saa sita Kikuni alilipa.

Jumatatu nilikuta mke wake anafua uani. Nikarudi kumweleza Mama Ngalula. Alifungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga, akaifunga upya iwe midogo zaidi.

Tulihamia vyumba viwili vya kupanga Alunguli, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi mtumbwi, kila asubuhi naingia kazini viatu vimelowa.

Fatuma alikuja na bato wiki ya tatu. Nilikuwa bandarini kupokea mizigo, nikamwona anashuka na sanduku la bati, anauliza njia ya Mikelenge kwa kuwa mtaa ulikuwa umebadilika. Jina lake alimtajia mpagazi. Sikumfuata.

Nilichosikia baadaye ni kwamba hakupiga kelele. Aliweka sanduku barazani, akakaa juu yake. Mke wa Kikuni akamletea maji, akidhani ni mgeni. Amisi alikuwa ameshapanda treni ya Kongolo siku nyingi.

Wazee wa ukoo walikaa, watu wa zone wakakaa. Kabati lilipofunguliwa, karatasi ilikuwa na majina mawili. Mwisho wakagawana nyumba: Fatuma vyumba viwili, Kikuni na wanawe viwili, kisima kimoja. Waliishi hivyo zaidi ya mwaka, kisha Kikuni akachoka akarudisha familia Kama.

Kabla ya kuondoka alikuja kituoni kusafirisha mizigo yake. Mimi ndiye niliyemwandikia. Akanitambua.

"Ni wewe ulipita na jembe."

Nikasema ni mimi.

"Mama jirani aliniambia ulikuwa unataka ile nyumba, ukaiacha kwa sababu ya dada. Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu ukweli. "Nilizani umetumwa na Amisi. Nilizani wewe si mununuzi."

Akasema, "Na mimi aliniambia iko mutu wa reli analeta pesa Jumamosi. Nilipokuona pale nikaharakisha."

Akachukua stakabadhi yake, akaenda kungoja treni.

Mimi nilipata nyumba baadaye, ndogo kuliko ile, kwa mzee mstaafu wa reli. Aliwaita wanawe wote, kila mmoja akasema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Ilichukua miezi miwili. Mama Ngalula anaishi humo mpaka leo.

Somo langu si kwamba nilikuwa mwerevu. Kukataa kukimbizwa kulinisaidia, hilo nashikilia: kama muda uliopewa hautoshi kuona karatasi na wenye mali, tamka muda wako mwenyewe, kisha ukubali kwamba nyumba inaweza kuondoka kweli. Lakini presha ile ilinifanya nimwone mwenzangu kama chambo, na yeye akaniona mimi hivyo. Tulisimama baraza moja, tukiwa na habari ambazo zingetuokoa wote, tukazungumzia maji ya kisima.

Kwa hiyo yule mdau wa juzi: ukikutana na huyo mnunuzi mwingine, mpe salamu, kisha mwulize ameambiwa nini.

Waliowahi kuwekewa saa na muuzaji, mlifanyaje? Na wewe uliyewahi kuwa Kikuni, nitapenda kukusoma zaidi.