Maziwa ya mbuzi wangu

"Dada, maziwa yako ilimroga mume wangu, homa haimwachi!" Hivyo mdogo wangu alinifokea, na toka siku ile hajakanyaga hapa Old Kampala. Mimi niliapa mbuzi wangu ni safi.

Halafu wakaja watu wa utafiti, daktari wa watu na daktari wa mifugo, gari moja. Nikaweka kidole kwenye karatasi ya kukubali kutolewa damu. Nikauliza, "Na mbuzi, nani anamwekea?"

"Wewe, jjajja, bibi yetu," akajibu daktari wa mifugo.

Nikaweka ya pili.

Leo majibu yamekuja: mimi na mbuzi tuna ugonjwa mmoja, unapita kwa maziwa mabichi. Mimi nimeshapewa dawa.

Wewe jirani unayeenda Ggaba anakokaa mdogo wangu, mwambie uchawi haukuwepo, lakini maziwa ilikuwa yangu. Amlete mume wake apimwe. Chai ipo, na maziwa nimechemsha.