Bi Subiri, fundi anayewafundisha majasusi wa filamu kungoja kompyuta

Saa nne asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, filamu ya kijasusi inaendelea kupigwa. Pazia jeusi limefunika dirisha, na chini ya meza ya jasusi amejilaza fundi wa kompyuta, miguu nje, akichomeka waya.

"Kaka, hii sasa ndiyo kompyuta," anamwambia mwongozaji akijipangusa vumbi. "Ile ya jana ilikuwa mazingaombwe."

Ya jana ilimimina herufi za kijani na kulia tiii kila kitufe kilipobonyezwa. Jasusi alivunja ulinzi wa benki kwa sekunde nane! Fundi aliitwa kuwasha mashine tu, lakini uvumilivu ulimshinda, akasema kompyuta za kweli haziko hivyo.

Wateja humwita Bi Subiri, maana ndilo neno lisilomtoka mdomoni. Kwa miaka kumi na mmoja ametengeneza kompyuta katika chumba chenye meza mbili na feni moja. Kuokoa mafaili kwenye diski iliyokufa humchukua saa sita, pengine siku mbili. Kila wiki wateja wawili watatu humnunia na kwenda zao.

"Wananiuliza, 'Mbona kwenye filamu dakika moja?' Filamu zinaniharibia kazi, ndugu mwandishi!"

Mwongozaji amempa nafasi moja tu: apange tukio la kweli, lipigwe mara moja. Likichosha, herufi za kijani zinarudi.

Kamera inawaka. Jasusi ananakili faili la ushahidi. Asilimia arobaini. Sabini. Hatua za adui zinasikika ngazini. Tisini na tisa, na papo hapo kioo kinageuka buluu: *Kompyuta inajisasisha. Usizime.*

Bi Subiri anajishika kichwa. Amesahau kuzima masasisho, kosa lile lile analowagombeza wateja kila siku. Nafasi yake inapotea mbele ya watu kumi na wanne, naye hana la kufanya.

Lakini mwigizaji wa jasusi haachi kuigiza. Anaikodolea mashine macho, anauma kucha. "Sasa hivi?" ananong'ona. "Jamani, sasa hivi?" Hatua zinafika mlangoni. Chumba kizima kimebana pumzi.

"Kata!" Mwongozaji anaruka. "Dada, hilo ulilipanga?"

"Hapana, kaka. Nimekosea," anakiri, jasho likimtoka.

"Basi linabaki hivyo hivyo! Mwili umenisisimka wote!"

Makofi na vigelegele vinapasua chumba. Mwigizaji anamrukia fundi shingoni. Bi Subiri anacheka huku analia, wala hajifichi.

Mchana, akikunja nyaya zake, anasema ameshaombwa asimamie kompyuta zote za filamu ijayo.

"Kuna bomu humo, na kulizima kunataka nywila," anaeleza, macho yaking'aa. "Nimeshamwambia mwongozaji, shujaa aikosee mara mbili kwanza. Ya tatu akumbuke aliiandika kwenye karatasi, na karatasi imo kwenye suruali aliyoifua jana."